Kufuli la programu kwenye gari la umeme ni nini?

Kufuli la programu ni mpaka uliowekwa na mtengenezaji ndani ya kompyuta ya gari ili vifaa vilivyomo visitumike kwa uwezo wake wote. Betri ni kubwa, lakini gari linakubali kutumia sehemu yake tu. Mota zina nguvu ya ziada, lakini inveta, yaani kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uweze kuendesha mota, imeamriwa isipitishe umeme kupita kiwango fulani. Mwenye gari akilipa, mpaka unaondolewa kwa sasisho la intaneti gari likiwa limeegeshwa, bila hata boliti moja kulegezwa.

Ukitaka kubashiri toleo gani litafutwa, lipi litaongezewa kasi na lipi litashuka bei, anza hapa. Ubashiri mwingi huharibika kwa sababu watu husoma namba iliyobandikwa nyuma ya gari kama kipimo cha betri, ilhali ile namba ni jina la bidhaa.

Tesla Model S inaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kwamba wateja waliochagua betri ya kilowati-saa 40 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) walikuwa asilimia 4 tu, hivyo betri hiyo haitatengenezwa. Waliokwisha kuagiza walipewa betri ya 60 iliyofungwa kwa programu isipite 40. Juni 2016 jina "60" likarudi sokoni, safari hii juu ya betri ya 75 iliyofungwa. Kwa hiyo 60 ya mwaka 2013 na 60 ya mwisho wa 2016 ni magari mawili tofauti chini ya sakafu: la kwanza betri yake ni 60 kweli, la pili lina karibu kilowati-saa 15 zilizolala. Anayelinganisha bei zake kama mitumba bila kujua hilo analinganisha vitu visivyolingana.

Kwamba kufuli ni amri tu ndani ya kompyuta, watu wengi walilijua Septemba 2017. Kimbunga Irma kilipokuwa kinaikaribia Florida, Tesla ilifungua kwa muda betri za wenye magari hayo ya 60 waliokuwa wakihama, kisha ikazifunga tena kimbunga kilipopita. Magari hayakuguswa na fundi.

Hata hivyo, si kila mpaka ni kufuli. Fyuzi, kontakta (swichi kubwa ya umeme wa betri), unene wa nyaya, idadi ya seli na uwezo wa kupoza betri ni mipaka ya vifaa, na hakuna sasisho linaloweza kuivuka. Julai 2015 Tesla ilipoleta hali ya mwendo iitwayo Ludicrous, ilibidi umeme wa juu kutoka kwenye betri upandishwe kutoka ampea 1,300 hadi 1,500. Hilo lilihitaji fyuzi mpya inayojipima yenyewe na kujikata kwa baruti ndogo, pamoja na kontakta kuu ya aloi ya Inconel isiyolegea kwa joto. Mwenye P85D, yaani Model S ya mota mbili ya toleo la kasi, aliyetaka nguvu hiyo alilazimika kupeleka gari karakana.

Linganisha na nyongeza ya kasi ya Desemba 2019 kwa Tesla Model 3 ya mota mbili yenye betri kubwa. Dola 2,000 zikilipwa kupitia simu, muda wa kutoka 0 hadi maili 60 kwa saa ulishuka kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9. Hilo lilikuwa kufuli halisi. Lakini aliyelipa hakupata Model 3 Performance kamili: breki, magurudumu na springi zilibaki za toleo lake. Na mwenye Model 3 ya mota moja hakuwa na cha kununua, kwa kuwa mota ya mbele haiji kwa sasisho.

Nguvu farasi nazo zina mtego wake. P85D ilitangazwa kwa nguvu farasi 691, jumla ya uwezo wa mota mbili kila moja ikipimwa peke yake. Betri haikuweza kuzilisha zote mbili kiasi hicho kwa wakati mmoja, na baadaye kampuni ilitaja 463 kama nguvu halisi inayotoka betri ikiwa ndiyo kikomo. Waliongoja sasisho la kufungua farasi zilizobaki walingoja kitu kisichokuwepo. Ukitaka kujua gari linaweza kufikishwa wapi, tafuta kifaa dhaifu kuliko vyote kati ya seli na gurudumu. Kama kifaa hicho ni fyuzi, kadiria gharama ya fyuzi na ya fundi.

Utalitambuaje gari lenye betri iliyofungwa? Kufuli mara nyingi huwekwa juu: kompyuta inaita "100" kiwango ambacho kwa betri yenyewe bado ni karibu asilimia 80. Seli ya lithiamu ya aina ya nikeli ikijaa kabisa hufika volti 4.2, na inapokaribia hapo chaja hulazimika kupunguza kasi. Chomeka gari kwenye chaja ya haraka ya DC (inayopeleka umeme moja kwa moja kwenye betri), betri ikiwa na joto la kutosha, uangalie kilowati kuanzia asilimia 80 kwenda juu. Betri isiyofungwa hushuka kasi polepole na dakika za mwisho zinaburuta. Iliyofungwa huendelea kuvuta vizuri, kisha hukatika karibu ghafla ikifika 100.

Kisha endesha mara tu baada ya kujaza. Kwa kawaida gari lililojaa halikubali kurudisha umeme kwenye betri unapoachia pedeli, kwa hiyo linateleza badala ya kujizuia. Likijizuia kwa nguvu ileile hata kwenye 100, huenda betri ina nafasi iliyofichwa. Usilifanye jaribio hili asubuhi ya baridi kali, maana betri baridi nayo hukataa kurudishiwa umeme na itakudanganya.

Hesabu pia inasaidia. Chaji kutoka asilimia 20 hadi 80 na usome kilowati-saa zilizoingia. Zikiwa 36, gawa kwa 0.6, unapata betri inayotumika ya 60. Tumia namba ya chaja ya DC. Ile ya mita ya nyumbani inajumuisha umeme unaopotea kama joto ndani ya chaja ya gari, na inaweza kuzidi kwa asilimia 10 au zaidi. Jibu hilo ni la betri inayoruhusiwa. Ili kujua iliyopo, soma lebo ya betri yenyewe na uulizie namba ya kifaa. Na usichanganye kufuli na akiba ya usalama: kila gari la umeme huacha kiasi kidogo chini ya sifuri ili seli zisiharibike, na hicho hakiuzwi.

Faida moja ya kufuli la juu huwa haisemwi vya kutosha. Betri za nikeli huchakaa haraka zikikaa zimejaa, ndiyo maana wenye magari hushauriwa waishie asilimia 80 au 90 kwa safari za kila siku. Mwenye betri iliyofungwa juu anaweza kuchaji hadi 100 kila usiku, kwa kuwa seli zake hazijai kweli. Kwa anayetembea umbali mfupi, kulipia ufunguzi kunaweza kuwa kununua kilowati-saa atakazoambiwa asizitumie kila siku.

Sasa bei. Mtengenezaji hufunga betri ili atangaze bei ya chini ya kuanzia bila kujenga aina ya pili ya betri kiwandani. Gharama yake kwa gari lililofungwa na lililofunguliwa ni karibu ileile, kwa hiyo tofauti ya bei kati yao inaweza kubadilishwa usiku mmoja. Mwaka 2016 kufungua 60 kuwa 75 baada ya kununua kulikuwa dola 9,000. Machi 2017 kampuni ikatangaza kwamba 60 itaondolewa, ikieleza kuwa wateja wengi huishia kuifungua, na mwaka huohuo bei ya kufungua ikashuka hadi dola 2,000. Aliyelipa mapema alitoa zaidi ya mara nne kwa amri ileile. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko uvumi wowote: toleo lililofungwa ni la mpito, na likifutwa, ufunguo wake huwa wa bei nafuu. Toleo linalotofautiana kwa vifaa halifuati njia hiyo.

Watengenezaji wengine nao wameingia humo, baadhi kwa sura ya kukodisha. Mercedes-Benz ilitangaza mwaka 2022 nyongeza ya kasi kwa EQE na EQS nchini Marekani kwa dola 1,200 kwa mwaka. Polestar iliuza yake kwa Polestar 2 ya mota mbili kwa malipo ya mara moja tu, kilowati 50 zaidi kufikia 350. Kabla ya kulipa, uliza kama haki hiyo imefungwa kwa gari au kwa akaunti yako. Kitu cha akaunti hakimfuati mnunuzi wa pili.

Hapo ndipo mitumba inapoumiza. Imeshatokea magari yaliyobadilishiwa betri chini ya waranti yakawekewa kubwa zaidi bila kufungwa, yakauzwa mara mbili tatu kama magari ya betri kubwa, kisha kampuni ikarudisha kufuli na kumdai mmiliki aliyekuwa hajui lolote. Kabla ya kutoa hela, muuzaji afungue akaunti ya gari mbele yako, akuonyeshe orodha ya nyongeza zilizolipiwa, na mlinganishe na lebo ya betri. Kama gari linaonyesha uwezo ambao orodha haina, lipia lile lililoandikwa kwenye orodha.

Vipo pia vifaa vidogo vya watu wa pembeni vinavyochomekwa kati ya waya za inveta ili kudanganya kufuli la kasi. Hufanya kazi hadi sasisho linalofuata. Baada ya hapo kompyuta huweza kuvitambua, onyo likabaki kwenye skrini, na kumbukumbu ya gari ikahifadhi kwamba mfumo uliguswa. Mota ikiungua baadaye, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza unapodai waranti.