Kameruni: si ugomvi wa lugha tu

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo, Dodoma, Kameruni ikitajwa jibu ni moja: "Wale wanagombea Kiingereza na Kifaransa." Lugha imo, lakini kiini ni madaraka. Eneo la kusini la Kameruni ya Waingereza lilijiunga na Kameruni iliyotawaliwa na Wafaransa mwaka 1961 kwa mpango wa shirikisho. Mwaka 1972 shirikisho likafutwa. Sisi wa nchi ya Muungano tungepaswa kulielewa hilo haraka.

Oktoba 2016 waligoma mawakili wa eneo hilo la Kiingereza, wakilalamikia kuletewa mahakimu waliosomea sheria za Kifaransa. Novemba wakafuata walimu. Januari 2017 serikali ikakamata viongozi wa migomo na kuzima intaneti ya eneo hilo kwa miezi mitatu. Vita vya bunduki kati ya jeshi na wanaotaka kujitenga vilizuka baadaye, mwishoni mwa mwaka huo.

Na zile picha za mgomo wa kila Jumatatu, mji wa Bamenda wa eneo hilo kimya, teksi hakuna, maduka yamefungwa? Wengi huzisoma kama kura ya ndiyo kwa kujitenga. Mwanzoni wengi waligoma kwa hiari, ila wapiganaji wa kujitenga walipoushika mgomo, anayefungua duka anahofia kuchomewa. Na upande wa pili, katika mji wa Buea wa eneo hilohilo, maduka yaliyogoma yaliwahi kupigwa sili na halmashauri.