4,294,967,297: dhana potofu kuhusu namba moja kubwa

Chukua 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, utapata 4,294,967,297. Kwa macho tu, wengi wataiita namba tasa.

Dhana: Namba inayoishia na 7 na isiyogawanyika kwa namba ndogo ni tasa.
Tarakimu ya mwisho hukuambia habari za 2 na 5 tu. Ni kweli kwamba 3, 7, 11 na 13 zote zinaacha baki hapa. Hata hivyo, 641 × 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili.

Dhana: Kanuni ikikubali mara tano mfululizo, imethibitika.
Huu ndio mtego uliomnasa Pierre de Fermat, mmoja wa wanahisabati hodari kuliko wote wa zama zake. Namba zake hupatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kipeo kikiongezeka maradufu kila mara, kisha kujumlisha 1. Zilianza vizuri: 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Mwaka 1640 aliandika kwamba anaamini zinazofuata nazo ni tasa. Ya sita ndiyo namba yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa 641 inaigawanya. Hadi leo haijapatikana namba tasa nyingine katika mfuatano huo baada ya zile tano.

Dhana: Euler alilazimika kujaribu maelfu ya vigawo.
Kipeuo cha pili cha namba hii ni kama 65,536, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 6,500. Lakini kila kigawo tasa chake lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu!

Kuhakiki nako hakuhitaji kikokotoo, na kwangu hili ndilo tamu kuliko yote. Kwa kuwa 641 = 5 × 2⁷ + 1, basi 5 × 2⁷ ni sawa na −1 ukihesabu kwa baki za 641, yaani ukitazama baki tu baada ya kugawanya kwa 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inaacha baki 1. Lakini 5⁴ ni 625, yaani 641 − 16, kwa hiyo inasimama mahali pa −2⁴. Basi −2³² inaacha baki 1, na 2³² + 1 haiachi baki yoyote.

Dhana: Namba kubwa ina vigawo vingi.
Hii ina vinne tu, pamoja na 1 na yenyewe. 60 ina 12.

Dhana: Huwezi kujua namba si tasa bila kupata vigawo vyake.
Namba yetu ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya vipeo vya pili viwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo ushahidi umekamilika kabla hata 641 haijatajwa. Katika mfuatano huohuo, 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ukiongeza 1, ina tarakimu 315,653. Imethibitishwa kuwa si tasa, lakini hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana, ukiacha 1 na yenyewe.