Mnunulieni Mtoto Kompyuta Inayofunguka

Wazazi wanaofika kwenye meza yangu ya kazi pale Luthuli Avenue, Nairobi, huja na swali lilelile: mtoto anapenda kompyuta, tumnunulie laptopu gani? Mimi huwaambia waachane na laptopu kwanza. Mtafutieni kompyuta ya mezani, kuukuu, inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Wengi hudhani nataka kuwauzia mzigo uliokwama dukani, kwa hiyo acha nieleze vizuri.

Mapenzi yangu kwa mashine hizi yalianzia Buruburu, miaka ya tisini, mjomba alipotuletea kompyuta yenye prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote za hesabu) ya aina ya 386, ambayo ofisini kwao haikuhitajika tena. Ilikuwa ikiwaka inakupeleka moja kwa moja kwenye DOS, mfumo wa uendeshaji wa kabla ya Windows: skrini nyeusi, maandishi meupe, na herufi C ikisubiri amri yako. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, na ilizihesabu yenyewe mbele ya macho yako kila ilipowashwa. Halafu ukifungua mchezo, unaambiwa kumbukumbu haitoshi. Jambo hilo lilininyima usingizi. Megabaiti 4 zipo, nimeziona zikihesabiwa, mchezo unaomba kilobaiti 600 tu, na bado unanyimwa. Zimekwenda wapi?

Chanzo chake ni mwaka 1981. Agosti ya mwaka huo IBM ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya matumizi ya mtu binafsi, ikiwa na prosesa ya Intel 8088. Prosesa hiyo ilikuwa na njia 20 za anwani, yaani nyaya za kutajia kila baiti ya kumbukumbu ilipo. Kila njia ina hali mbili, sifuri au moja, kwa hiyo njia 20 zinakupa anwani 1,048,576, yaani megabaiti moja (kilobaiti 1,024) basi. Wabunifu wakatenga kilobaiti 384 za juu kwa ajili ya skrini na chipu za mfumo, programu zikaachiwa 640 zilizobaki. Prosesa za familia ya 386 zilipokuja, zingeweza kufikia hadi gigabaiti 4, lakini DOS iliendelea kujibana ndani ya zile 640 kwa sababu programu zote zilikuwa zimeandikwa kwa mpango huo. Vijiprogramu vya kuendesha kipanya na sauti navyo vilijazana humo humo, na mchezo ukakosa pa kukaa.

Dawa yake ilikuwa ndani ya faili moja fupi, CONFIG.SYS, ambalo DOS hulisoma kila inapowaka. Unaandika mstari wa HIMEM.SYS, unafuatisha wa EMM386, ambavyo hufungua kumbukumbu ya juu ya zile 640, kisha DOS=HIGH,UMB, na vijiprogramu vile unavipakia kwa DEVICEHIGH ili vihamie juu. Unazima, unawasha, na mchezo unafunguka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilikuwa nimejibu swali kwa kufuata sababu hadi mwanzo wake. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba kompyuta "imekataa tu", ingawa ndivyo wateja wengi wanavyosema. Daima kuna sababu, na sababu hiyo inaweza kufikiwa.

Ukifungua kifuniko, mambo yanakuwa wazi zaidi. Chukua pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Nyuma ya nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mitumba iliyotoka Marekani ilifika Nairobi swichi ikiwa kwenye 115, kwa kuwa umeme wa kule ni volti 120. Swichi ikiwa hapo, sakiti ya ndani hupandisha umeme mara mbili: kuna kapasita mbili kubwa, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, na kila moja hujazwa hadi kilele cha wimbi la umeme. Kwa volti 120 kilele ni kama 170, na kapasita zile za volti 200 zinavumilia. Sasa ichomeke kwenye soketi yetu ya volti 240. Kilele kinapanda hadi 339 au karibu na hapo. Kapasita hupasuka kwa kishindo, moshi mweupe ukajaa chumbani. Mtoto aliyeelezwa hivyo akiwa ameshika ile pawa saplai mkononi, huku imechomolewa na haijafunguliwa, hatasahau kuangalia swichi maisha yake yote. Na ieleweke: sanduku la pawa saplai lenyewe mtoto hafungui, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Vilivyobaki vyote ni ruksa. Vipande vya RAM (kumbukumbu) vina pengo lililowekwa mahali tofauti kwa kila kizazi chake, DDR2, DDR3 na DDR4, kwa hiyo kisichofaa hakiingii, na mtoto hahitaji kuogopa mradi hatumii nguvu. Feni hutolewa, vumbi likapulizwa, krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ikafutwa na kupakwa nyingine.

Lakini funzo ninalolipenda kuliko yote ni la diski. Mashine ikiwa nzito, watu husema prosesa imezeeka. Mara nyingi prosesa haina kosa. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko huo kabla data haijapita chini yake. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea, na kwa sekunde moja utapata usomaji mia moja hivi wa faili zilizotawanyika. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vifaili vya aina hiyo. SSD, hifadhi ya chipu inayochukua nafasi ya diski, haina kinachozunguka wala kinachosogea, nayo husoma mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Mwache mtoto apime mwenyewe kwa saa, kabla na baada ya kubadilisha. Nimeona watoto wakiwasha na kuzima mashine tena na tena kwa furaha tu.

Laptopu nyingi za siku hizi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye bodi kuu ya sakiti, na nyingine hata hifadhi yake imelehemiwa. Ni vyombo vizuri vya kazi, na mimi mwenyewe ninatumia. Ila ndani yake hakuna pa kuweka mkono, na mtoto mdadisi atabaki kuwa mtumiaji.

Wakati huu ni mzuri kwa mnunuzi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta za ofisi za kizazi cha sita na cha saba zinatupwa pembeni zikiwa na afya kamili. Wekeni Linux Mint, mfumo wa uendeshaji wa bure, na zitafanya kazi miaka mingi.

Kazi ya kwanza ya kumpa mtoto ni hii. Kwenye bodi kuna betri bapa mfano wa sarafu, CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatwa, na tovuti zenye usalama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya utambulisho, ambavyo vina tarehe, vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Msimwambie. Mwambieni tu kwamba intaneti imekataa, mpeni bisibisi, kisha mumwache atafute.