Cartola: miaka 65 ndo anatoa santuri yake ya kwanza

Nafundisha gitaa, na mwanafunzi akiniambia anataka kujua samba, muziki wa Brazil, namwambia weka gitaa chini kwanza, kaa tumsikilize Cartola, mtunzi na mwimbaji wa samba. Jina lake hasa Angenor de Oliveira, kazaliwa Rio de Janeiro 1908, alipofika miaka 11 hali nyumbani ikawa ngumu wakahamia kilimani Mangueira, kwenye vibanda. Ukubwani akafanya kazi ya ujenzi, na kwa kuwa hakutaka sementi imjae kichwani akawa anavaa kofia ya duara, basi mafundi wenzake wakambandika hilo jina, Cartola, yani ile kofia ndefu ya mabwana. 1928 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha samba cha Mangueira, na kijani na pinki wanayovaa mpaka leo kwenye kanivali aliichagua yeye.

Nyimbo alikuwa anaziuza kwa waimbaji wenye majina, Francisco Alves mmojawapo, wao ndo wanarekodi. Afu akaugua homa ya uti wa mgongo, mkewe Deolinda akafariki, akapotea kabisa hadi wengine wakajua kashakufa. 1956 mwandishi wa habari Sérgio Porto akamkuta Ipanema, mtaa wa Rio, anaosha magari. Hapo huwa naumia kila nikisimulia, mtunzi wa kiwango kile kashika tambara!

Aliyemsimamisha tena ni Dona Zica, mke wake wa baadaye. 1963 wakafungua mgahawa mjini, Zicartola, Zica jikoni na mzee na gitaa lake, na vijana kama Paulinho da Viola wakapata pa kuimbia. Haukudumu. Santuri yake mwenyewe ikaja 1974, ana miaka 65.

Ila mi nawapigia ya 1976, ule wimbo wa mawaridi, As Rosas Não Falam. Inasimuliwa Zica alimuuliza mbona mawaridi yamechanua mengi hivi, akamjibu sijui, mawaridi hayasemi, wimbo ukaanzia hapo. Sikiliza gitaa la nyuzi saba la Dino, ule uzi wa ziada ni wa besi, kwahiyo Cartola akimaliza mstari na kuvuta pumzi, Dino anashuka noti moja moja kumpeleka kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) inayofuata, halazimishi, hamzibi mzee. Na mzee mwenyewe hapandishi sauti hata pale maneno yanapouma. Wanafunzi wangu wakifika hapo wanataka kulia na kupaza, nawarudisha mwanzo, tena, taratibu.