Ngumi ya bahati: dhana inayoniharibia mabondia

Dhana: Asiyetarajiwa akimpiga bingwa, ni ngumi moja tu iliyobahatika kutua.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Naisikia kwa vijana wanaofanya mazoezi ya ndondi kwangu hapa Majengo, Mombasa, kwa baba zao wanaowaleta, na kwa wazee wanaokunywa kahawa barazani na kubishana ndondi mpaka adhana ya isha. "Kocha, Douglas alibahatisha tu." Yangekuwa maneno ya baraza peke yake ningeyaacha yapite. Lakini kijana akishaamini kwamba mnyonge hushinda kwa ngumi moja, mazoezi yake yote hugeuka kuwa kuitafuta hiyo ngumi. Anaacha jebu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, anaacha miguu, anarusha mkono wa kulia kama anayetungua embe kwa jiwe. Siku ya pigano anachapwa na mtu asiyemfikia kwa nguvu lakini anayejua kazi.

Basi twende Tokyo, tarehe 11 Februari 1990, Buster Douglas alipompiga bingwa wa dunia wa uzani wa juu, Mike Tyson. Tyson alikuwa na mapigano 37, hajashindwa hata moja. Kasino ya Mirage kule Las Vegas ilimpa Douglas odi za 42 kwa 1, yaani ukimwekea dola moja akashinda unapata faida ya 42, na kasino nyingine hazikuona hata haja ya kupokea dau. Wanaosema bahati wanakumbuka kipande cha mwisho, pale Tyson anapotambaa sakafuni akitafuta kinga ya meno. Raundi tisa zilizotangulia hawajaziangalia.

Mikono ya Douglas ilikuwa na upana wa sentimita 211, ya Tyson 180, na tangu kengele ya kwanza Douglas aliutumia urefu huo. Jebu, jebu, mkono wa kulia nyuma yake, hatua ya kando. Tyson akipenya karibu, anakumbatiwa, mikono inabanwa, refa anawatenganisha, na wanaanza tena kwa masafa anayoyataka Douglas. Kufikia raundi ya tano jicho la kushoto la Tyson lilikuwa limeanza kuvimba. Kona yake haikuwa na kile chuma cha baridi cha kukandamizia uvimbe, ikabidi wajaze maji ya barafu kwenye glavu ya mpira na kumwekea jichoni. Kona ya bingwa wa dunia! Walikwenda Tokyo wakiamini hawatahitaji chuma hicho.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wapenzi wengi wa ndondi hulipita. Ngumi ya kulia ya mpinzani wako hutoka upande wa jicho lako la kushoto. Jicho hilo likishafumba, ngumi hiyo huioni ikija. Apakati ya raundi ya kumi, ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni, ile iliyoinua kichwa cha Tyson kabla ya makonde manne ya kummaliza, ilikuwa ya mkono wa kulia. Ilitua kwa kazi ya jebu za raundi nyingi. Hiyo ndiyo hesabu yote, na bahati sijaiona ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza Tyson kuangushwa tangu aanze ndondi za kulipwa.

Kuna wanaonijia na karatasi za majaji: mmoja alikuwa amempa Tyson 87 kwa 86, wa pili 86 kwa 86, ni wa tatu tu aliyempa Douglas, 88 kwa 82. Angalia pigano lenyewe, halafu uniambie ni jaji yupi aliyekuwa akitazama ulingo uleule. Wengine hushika hesabu ya refa raundi ya nane, Douglas alipoangushwa, kwamba alikaa chini zaidi ya sekunde kumi. Bondia aliyeanguka hufuata hesabu ya refa, si saa ya mtu mwingine. Refa alipofika tisa Douglas alikuwa amesimama, na raundi iliyofuata ni Tyson aliyekuwa akipokea makonde kwenye kamba. WBA na WBC, mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, zilisita kumtambua bingwa mpya baada ya malalamiko ya upande wa Tyson, kisha siku chache baadaye zikakubali.

Na Douglas hakuokotwa barabarani. Baba yake alikuwa bondia. Mwaka 1987 alipigania mkanda wa IBF, shirika jingine la ndondi za dunia, na Tony Tucker, akasimamishwa raundi ya kumi katika pigano ambalo alikuwa hajazidiwa. Mwaka 1989 aliwapiga Trevor Berbick, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, na Oliver McCall, aliyekuja kuwa bingwa baadaye. Tatizo lake lilikuwa kukosa bidii ya kudumu, si kukosa ufundi. Oktoba ya mwaka uleule wa 1990 alirudi ulingoni na mwili mzito, Evander Holyfield akamlambisha sakafu raundi ya tatu. Hilo nalo watu hulitaja kama ushahidi wa bahati. Mimi naona linathibitisha kinyume chake, kwamba Douglas aliyejiandaa na Douglas asiyejiandaa walikuwa mabondia wawili tofauti.

Kinshasa nayo imepotoshwa vivyo hivyo. Nimeambiwa mara nyingi, kwa uhakika wote, kwamba Muhammad Ali alichapwa raundi saba na George Foreman, kisha akaponea kwa ngumi moja ya raundi ya nane. Si kweli. Alfajiri ile ya tarehe 30 Oktoba 1974 Ali alikuwa anaongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu pigano lilipokatika. Foreman alipiga mno, ndiyo, lakini makonde mengi yaliishia kwenye mikono na viwiko vya mtu aliyeegemea kamba, na kila alipopumzika kidogo Ali alimrudishia usoni, safi, moja mbili. Raundi ya kwanza alithubutu kumwanzia kwa mkono wa kulia bila jebu mbele yake, jambo ambalo huwezi kumfanyia mpigaji kama Foreman usipokuwa umelifanyia mazoezi. Huyo Foreman alikuwa na ushindi 40, na 37 kati ya huo ni wa nokauti. Wale wanaoleta habari za hirizi na waganga wa Mobutu sina la kuwaambia, ila hirizi haijawahi kumchosha mtu mikono.

Ukitaka pigano ambalo ngumi moja kweli ndiyo iliyoamua, lipo: Hasim Rahman na Lennox Lewis, Aprili 2001, Brakpan, Afrika Kusini. Mkono wa kulia wa Rahman, raundi ya tano, kwisha. Novemba mwaka huohuo Lewis akamlipiza raundi ya nne. Lakini hata hapo, Brakpan iko juu sana kutoka usawa wa bahari. Rahman alitangulia wiki kadhaa kuzoea hewa ile, Lewis akachelewa kwa sababu alikuwa Las Vegas akiigiza filamu. Sisi tunaoishi ufuoni tunajua mtu akipanda Nairobi kupigana siku ya pili yake anapumua vipi.

Dhana: Ukiwa na hasira unapiga vizuri zaidi.

Hii huja na kisa cha mama yake Douglas, Lula Pearl, aliyefariki wiki tatu hivi kabla ya pigano. Watu husema huzuni iligeuka hasira, na hasira ikampiga Tyson. Mtazame Douglas raundi ya pili. Ametulia, mabega yamelegea, anarudi nyuma ya jebu yake kila baada ya kushambulia. Inawezekana msiba ulimfanya afanye mazoezi kama hajawahi kuyafanya, hilo naliamini. Lakini mwenye hasira ulingoni hukaza mabega, na mabega yakikaza ngumi inakuwa nzito na ya polepole. Kina mama wanaoniletea watoto "wenye hasira ili wazitoe kwa ndondi", karibuni sana, ila kazi yangu ya kwanza itakuwa kuzituliza.

Dhana: Tumbo likionekana, huyo si bondia.

Andy Ruiz, tarehe 1 Juni 2019, Madison Square Garden, New York. Kilo 121 na tumbo juu ya bukta, mbele yake Anthony Joshua mwenye mwili wa kuchongwa na ushindi 22 bila doa. Ruiz aliitwa kujaza nafasi ya Jarrell Miller aliyenaswa na dawa zilizopigwa marufuku. Wengi walicheka. Ila alikuwa amepigana Aprili, kwa hiyo mwili ulikuwa mazoezini, na mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya mabondia karibu wote wa uzani wake. Aliangushwa raundi ya tatu, akainuka, akamwangusha Joshua mara mbili kabla raundi hiyo haijaisha, na mara mbili tena raundi ya saba, refa akasimamisha. Kasi ya mikono haikai tumboni.

Lakini msinisingizie kwamba nasema mle ovyo. Desemba mwaka huohuo, kule Diriyah, Saudi Arabia, Ruiz alikuja na kilo 128 na zaidi, na mwenyewe akakiri kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha. Joshua akamchezea jebu na miguu raundi zote kumi na mbili, akachukua mikanda yake.

Dhana: Asiyewahi kushindwa ndiye bora.

Septemba 1986 Donald Curry alikuwa hajashindwa na wengi walimhesabu miongoni mwa mabondia bora wa uzani wowote. Lloyd Honeyghan wa Uingereza alimtikisa raundi ya pili na kumwandama mpaka Curry akabaki kitini mwisho wa raundi ya sita. Rekodi haikuonyesha jinsi Curry alivyokuwa akihangaika kushusha uzani. Nawaambia vijana wanaojifunga nailoni na kukimbia barabara ya Mama Ngina saa nane mchana ili mizani ishuke: mwili uliokauka maji hauvumilii ngumi. Hama uzani. Sitamfungia glavu mtu aliyekaukiwa.

Dhana: Odi zinasema nani mkali.

Odi hufuata pesa za watu wanaobeti. Simu yako haimjui bondia. Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo, wa Tanga hapo jirani, alipelekwa Birmingham kupigana na Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, nyumbani kwake Eggington, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Raundi ya pili refa alikuwa ameshasimamisha, Mwakinyo mshindi. Na kabla hawajazaliwa wengi wa wanaobeti leo, Robert Wangila wetu alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, akaleta dhahabu ambayo hadi sasa ndiyo pekee ya Kenya nje ya riadha. Boudouani baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBA. Kwa hiyo anayesema Wangila alipangiwa mnyonge atafute jina jingine.

Kwangu hakuna anayegusa begi kabla hajapiga jebu raundi tatu mbele ya kioo, na hilo halitabadilika hata mzee gani aseme nini barazani. Kazi niliyowapa vijana wiki hii ni hii: watafute pigano la Tokyo, wazime sauti ili watangazaji wasifikiri kwa niaba yao, na wahesabu jebu za Douglas raundi ya tano peke yake, kwa kalamu na karatasi. Anayefika mazoezini na idadi hiyo nitamshikia padi mimi mwenyewe.