Paka wa Jirani na Bustani ya Mboga: Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Nyumba

Mvua za Dodoma zikishakatika, kwa kawaida kati ya Aprili na Mei, uwanja wa nyumba hukauka ukawa mgumu kama tofali, na kipande pekee cha ardhi kinachobaki kimelainishwa ni bustani ndogo ya mchicha, matembele na bamia iliyo karibu na bomba. Hapo ndipo paka wa mtaa mzima wanapokutana. Majibu yafuatayo ni kwa ajili ya mwenye bustani ambaye angependa kula mboga zake bila wasiwasi, na ambaye pia hataki ugomvi na jirani mwenye paka.

Kwa nini paka aje kujisaidia kwenye bustani yangu wakati kuna viwanja vitupu kila upande?

Paka kwa maumbile yake hufukia kinyesi, na ili afukie anahitaji udongo unaochimbika kwa kucha, mkavu kwa juu na usio na mawe. Tuta lililolimwa jana, likachanganywa na samadi iliyosagika na kusawazishwa kwa reki, lina sifa zote hizo, ilhali kiwanja kitupu cha jirani kimekanyagwa miaka mingi na hakichimbiki. Asubuhi utakuta kishimo chenye upana wa kiganja, udongo umekwanguliwa kutoka pande tatu na kurundikwa katikati. Siku chache baadaye mchicha unaota kwa msongamano upande mmoja wa tuta na kuacha upara upande wa pili, kwa kuwa mbegu zimesombwa pamoja na udongo. Wapo wanaomtazama paka wa usiku kwa jicho la uchawi. Kwa suala hili, mgeni huyo amefuata choo tu.

Akishafika mara moja na kuacha harufu yake, hurudi palepale, na paka wengine humfuata. Ndiyo maana kuzuia mapema ni rahisi kuliko kumwachisha mazoea.

Kinyesi chake kina madhara gani hasa kwa binadamu?

Madhara yanayostahili kutajwa kwanza yanatokana na kimelea kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea hicho, kisha hutoa katika kinyesi chake vijiyai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa siku, kwa kipindi cha wiki moja hadi tatu. Baada ya hapo kwa kawaida huacha kuvitoa, na paka wengi hupitia hali hiyo mara moja tu maishani, hasa wakiwa wadogo wanaoanza kuwinda. Kwa hiyo si kila paka anayepita uani ni hatari leo. Tatizo ni kwamba udongo hautunzi kumbukumbu ya paka yupi alipita lini: vijiyai hivyo huweza kuishi miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, katika udongo wenye unyevu na kivuli. Jua kali na ukavu huvidhoofisha, lakini bustani inayomwagiliwa kila jioni huvipa unyevu vinaouhitaji.

Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa mara nyingi hajui kabisa, au hupata homa na kuvimba tezi za shingo kwa siku chache. Hali ni tofauti kwa makundi mawili. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika ujauzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na matokeo yake huweza kuwa mimba kuharibika, kichwa kujaa maji, au madhara ya macho na ubongo. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupata uvimbe katika ubongo kutokana na kimelea ambacho pengine kilikuwa kimelala mwilini mwake kwa miaka mingi. Dawa ya septrini anayopewa kliniki hukinga dhidi ya hali hiyo, na hiyo ni sababu nzuri ya kutoiruka.

Kisha kuna minyoo. Minyoo ya duara ya paka hutaga mayai ambayo huchukua wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Mtoto anayechezea udongo na kupeleka vidole mdomoni huyameza, na viluwiluwi vyake huzunguka katika ini, mapafu na mara chache jicho. Minyoo ya safura ya paka, kwa upande wake, hupenya ngozi ya mguu ulio peku na kuacha mstari mwekundu uliopinda na unaowasha sana, ambao husogea kidogo kila siku. Ukiona mstari wa namna hiyo, usiuchome wala kuupaka maji ya betri. Nenda kituo cha afya, kwani unatibika kwa dawa za kawaida za minyoo utakazoandikiwa.

Mimi ni mjamzito. Je, niache kabisa kulima bustani na kumfukuza paka wa nyumbani?

Hapana, si lazima. Kumshika au kumpapasa paka si njia kubwa ya maambukizi. Njia ni mdomo, kupitia mikono yenye udongo, mboga mbichi isiyooshwa vizuri, maji yasiyo salama na nyama isiyoiva. Ukiweza, mwachie mtu mwingine kazi ya kupalilia na ya kuondoa kinyesi. Usipoweza, vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, ukisugua chini ya kucha, kabla hujashika chakula.

Kuna mambo mawili ambayo watu husahau wanapomlaumu paka. La kwanza ni nyama. Anayekwenda mnadani Msalato Jumamosi akala nyama choma ambayo katikati bado ni nyekundu anaweza kujiweka katika hatari kubwa kuliko anayeishi na paka watatu. La pili ni udongo wa kula unaouzwa sokoni, ambao wajawazito wengi huutamani. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, kwa hiyo mweleze muuguzi wa kliniki bila aibu ili upimwe damu. Udongo wenyewe haukuongezei damu, na hujui ulichimbwa wapi wala nani alipita juu yake.

Tukivuna mboga katika tuta ambalo paka alijisaidia, bado tunaweza kuzila?

Mboga ya kupikwa, ndiyo. Mchicha, mlenda, matembele na chainizi vikioshwa na kupikwa mpaka vikachemka vizuri, joto huua toksoplasma na mayai ya minyoo. Wasiwasi uelekee kwenye kachumbari: nyanya, kitunguu, karoti, tango, kabichi na majani ya giligilani yanayoliwa mabichi. Hivi visuguliwe kimoja kimoja kwa mkono chini ya maji safi tiririka, na vile vyenye ganda vimenywe. Kuloweka katika maji ya chumvi, siki au dawa ya klorini hupunguza bakteria, lakini hakuui vijiyai vya toksoplasma. Vina ganda gumu mno. Kinachosaidia ni kusugua na kusuuza ili viondoke pamoja na udongo. Kwa mjamzito, na kwa tuta lililochafuliwa hivi karibuni, ni busara zaidi kupika kila kitu.

Nitumie njia gani kumzuia asiingie?

Uzio peke yake hautoshi, maana paka huruka ukuta wa mita 1.5 bila jasho. Usihangaike sana na mpaka wa kiwanja; hangaika na uso wa tuta. Akikosa pa kuchimba, hana sababu ya kukaa.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni wavu wa banda la kuku. Ulaze bapa juu ya tuta mara baada ya kusia mbegu, ukunje kingo zake zielekee chini zisije zikamkwaruza mtoto, na uubane kwa mawe. Mchicha hupenya kwenye matundu, na paka akikanyaga hupata waya mahali alipotarajia udongo. Kwa miche ya spinachi, nyanya au ngogwe, tandaza wavu kwanza, kisha kata matundu ya kupandia.

Asiye na fedha ya wavu ana migunga. Matawi makavu yenye miiba, ambayo Dodoma hupatikana karibu kila kichaka na ambayo wafugaji wameyatumia kwa maboma tangu enzi, hulazwa katikati ya mistari kwa wiki mbili au tatu za mwanzo. Muda huo ndio wa hatari, kwa kuwa ardhi iko wazi. Mchicha uliosiwa kwa wingi ukishafunga majani, au matembele yakishatambaa, paka hapati nafasi ya kukwangua na miiba inaweza kuondolewa. Iondoe yote kwa kuhesabu matawi, la sivyo utaikumbuka siku ya kuvuna kwa mkono mtupu. Kama kuna watoto wanaotembea peku uani, tumia badala yake vijiti vilivyochomekwa wima kila baada ya sentimita 15 hivi. Havipendezi macho, lakini paka hawezi kugeuka kati yake.

Matandazo nayo husaidia, mradi yawe mazito. Kokoto na vipande vya mawe, ambavyo mji huu wa majabali hauna upungufu navyo, humkosesha paka pa kuchimba na pia hupunguza maji yanayopotea kwa upepo na jua. Pumba za mpunga na nyasi laini humwandalia kitanda. Bustani ya kwenye salfeti izungushiwe mawe juu, kando ya shina, kwani mdomo wa salfeti wenye udongo mwororo ni choo kilichonyanyuliwa. Kumwagilia jioni badala ya asubuhi pia humkera, kwa sababu hutoka usiku na hapendi kukwangua tope, lakini kwa nyumba yenye mgao wa maji sitalifanya hilo kuwa sharti.

Hatimaye tazama kinachomleta kabla hata hajaiona bustani: utumbo wa samaki na mifupa kwenye ndoo ya taka isiyo na kifuniko, na panya waliojaa stoo ya mahindi na mtama.

Vipi kuhusu pilipili, maganda ya machungwa, vidonge vya nondo au chupa za maji?

Maganda ya machungwa na ndimu humkera paka kwa siku moja au mbili mpaka yakauke. Pilipili ya unga husombwa na maji ya kwanza, na kabla ya hapo huweza kuingia machoni mwa mtoto. Chupa zilizojazwa maji na kupangwa pembeni mwa tuta hazina msingi wowote, paka huzizoea.

Vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini visitumike kabisa bustanini. Mtoto huvidhani pipi, na kwa mwenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika sehemu nyingi za Afrika, kidonge kimoja kinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa kasi ya kuhatarisha maisha. Mafuta ya taa na oili chafu huharibu udongo utakaokula mboga zake.

Si ingekuwa rahisi kuwatilia sumu?

Sumu haichagui. Kuku, mbwa wa jirani na mtoto anayetambaa wote huokota chini, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Isitoshe, paka wakiisha, panya huongezeka, nao wana maradhi yao: mlipuko wa homa ya mgunda uliotokea Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022 ulisababishwa na bakteria ambaye panya ni miongoni mwa wanyama wanaomsambaza kwa mkojo.

Nimekikuta kinyesi. Nikiondoeje?

Kiondoe siku hiyohiyo. Vijiyai vya toksoplasma vikitoka tu haviambukizi. Vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa, na kwa hiyo anayesafisha kila asubuhi amekata mzunguko kabla haujafika kwake. Chota kwa koleo dogo la kazi hiyo tu, pamoja na udongo unaokizunguka, utie katika choo cha shimo. Usikitupe kwenye lundo la mboji.

Amenikwaruza nilipomfukuza. Nifanye nini?

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huenezwa zaidi na mbwa, lakini paka pia huupata na kuuambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Chanjo hutolewa kwa awamu na inapaswa kumalizwa yote. Usipake majivu wala kitunguu.

Jirani anasema paka hafungwi kamba. Tuelewane vipi?

Anasema kweli, kwa hiyo usimwombe amfunge. Mwombe mambo yanayowezekana: amchanje paka dhidi ya kichaa, ampe dawa ya minyoo, amlishe mabaki yaliyopikwa badala ya utumbo mbichi, na amwite daktari wa mifugo amhasi dume, ili idadi ya paka shume wanaopigana usiku ipungue. Nawe unaweza kujitolea ndoo mbili za mchanga mkavu, zimwagwe kwenye kona ya uwanja wake iliyo mbali na bomba na watoto. Paka akipata mchanga huo laini huku matuta yako yamefunikwa kwa wavu, atauhamia mwenyewe katika siku chache. Kazi inayobaki ni kuelewana nani atausafisha kila asubuhi.