Je, wajua kwa nini pedali ya gitaa yenye valvu halisi (kile kichupa cha kioo cha kukuza sauti, kama cha ampu za zamani) inaweza kulia kama nyuki, wakati modela ya dijitali, yaani kifaa kinachoiga ampu kwa kompyuta, inasikika kama ampu?

Hili mi mwenyewe nililikosea muda mrefu tu. Nilipata preampu ya pedali (preampu ni sehemu ya kwanza ya ampu), ile yenye valvu ya 12AX7 inayoonekana kwenye kidirisha, inawaka rangi ya chungwa, nikajua modela za dijitali basi tena. Nikachomeka gitaa, nikachomeka hedifoni, nikapandisha geini, ile nguvu ya kuikuza sauti mpaka ikwaruze. Nyuki. Mzinga mzima! Na modela iliyokua pembeni, ambayo haina valvu hata ya dawa, ikasikika kama ampu imesimama chumbani.

Kosa langu lilikua kuuamini ule mwanga. Kumbe kinachowaka ni kiwaya cha kupasha joto tu, kina umeme wake wa volti 6.3 au 12.6, kazi yake ni kuichemsha kathodi mpaka itoe elektroni, na kitawaka vilevile hata gitaa likiwa bado kwenye begi. Kuhusu sauti hakikuambii kitu. Pedali zingine zinawekewa na kitaa cha LED chini ya valvu ili ing'ae zaidi (sina ugomvi nao, inapendeza kweli). Halafu 12AX7 kwenye ampu kubwa huwa inalishwa volti mia mbili na kitu, sasa kuna pedali zinazoupandisha umeme humohumo ndani mpaka zikafika huko, na kuna zinazoipa volti 9 au 12 tu, inafanya kazi na njaa, na hapo distoshini (ule mkwaruzo wa sauti) mara nyingi sehemu kubwa inatoka kwa chipu na daiodi za jirani. Si kwamba ni mbaya, njaa nayo ina ladha yake, ila neno "valvu halisi" linabeba vitu viwili tofauti. Na hata ile iliyoshiba volti bado ingenipa nyuki, maana tatizo halikua valvu.

Tatizo ni spika haikuwepo.

Distoshini inakata vichwa vya mawimbi, na wimbi likikatwa kichwa linazaa mawimbi madogo ya juu yake: piga noti ya hezi 440, unapata 880, 1320, 1760 na kuendelea mpaka juu huko kwenye makelele. Sasa spika ya gitaa ya inchi 12 ni karatasi pana na nzito kiasi. Jaribu kuufungua na kuufunga mlango haraka kama unavyopunga feni ya mkono, utaona, mkono unataka ila mlango umegoma. Spika nayo hivyohivyo, ikipita kama hezi 5,000 inaanza kugoma, na mlio wa nyuki mwingi unakaa hukohuko juu. Hedifoni hazigomi, zinakuletea kila kitu, mpaka usichokiomba.

Modela inalijua hilo. Ndani yake kuna alama ya spika iliyorekodiwa, ni kama unapiga kofi moja kwenye chumba kitupu kisha unahifadhi mwangwi wake, halafu kila noti unayopiga inapitishwa kwenye mwangwi huo. Mara nyingi haizidi sampuli 2,048 (vipimo vidogovidogo vya sauti), yaani kama milisekunde 43 tu, lakini ndo iliyobeba kazi.

Nikajaribu kinyume, nikazima spika ya kuigiza kwenye modela: nyuki walewale. Nikaipitisha pedali kwenye spika ya kuigiza: tamu balaa. Vidoleni nahisi valvu inaitikia tofauti kidogo nikipiga taratibu, ila nilikua naiona ikiwaka na pengine ilikua juu kidogo kwa sauti, na kinachosikika zaidi masikio hukiona kizuri zaidi, kwa hiyo usiniamini sana hapo.

Ukiipeleka modela kwenye ampu yenye spika ya gitaa, zima ile ya kuigiza, la sivyo unachuja mara mbili na gitaa linalia kama limefunikwa blanketi. Nimeshafanya na hilo pia.